Usomaji wa fasihi (Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika)

Usomaji wa fasihi ni kujifunza kuelewa na kuonja hadithi, mashairi na tamthilia. Katika mji wa Uvira, mkoani Kivu Kusini, na katika vijiji vinavyofuata ziwa hadi Baraka, jambo hilo hufanyika katikati ya lugha tatu au nne. Mtoto husikia ngano za kwanza kwa Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kirundi au Kinyamulenge. Sokoni na bandarini Kalundu huongea Kiswahili. Somo la fasihi lenyewe humkuta kwa Kifaransa, akiwa darasani.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Madarasa ya kwanza ya shule ya msingi hufundishwa kwa lugha ya taifa, kisha Kifaransa huchukua nafasi. Hivyo mwanafunzi anapofikia umri wa kuweza kuifurahia riwaya, tayari anaandaliwa kwa disertasio ya mtihani wa Serikali, ule unaoitwa Exetat. Wengi hujua kuandika juu ya kitabu kabla hawajapata kukipenda kimoja. Hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu wanafunzi hao hao wamekuja shuleni na masikio yaliyokwisha kufunzwa.

Aliyekulia kwenye ngano anajua kwamba Sungura anaweza kudanganya bila msimulizi kuwa mwongo. Anajua pia kwamba wimbo ukirudi mara ya tatu, jambo liko karibu kupasuka. Kiswahili cha Kongo kina hata chombo chake cha kusimulia: kiambishi -aka mwishoni mwa kitenzi. "Kulikuwaka mufalme" si sawasawa na "kulikuwa na mfalme". Mkia ule humwambia msikilizaji kwamba mambo haya ni ya zamani, na yalikuwa ndiyo desturi. Mwalimu anayeufuta kwa wino mwekundu ana haki yake upande wa sarufi sanifu, lakini ameiondolea hadithi saa yake ya ukutani. Afadhali amuulize mwanafunzi: ukiutoa, msimulizi amepoteza nini?

Kwa ushairi, sikio la Uvira lina faida ambayo haijatumiwa vya kutosha. Shairi la kimapokeo la Kiswahili mara nyingi huwa na mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwa 8. Mgeni wa ushairi hukosea kuhesabu maneno kama "mtu" na "mtoto", kwa kuwa macho yake hayaioni m kuwa silabi. Mtu wa Uvira husema "mutu" na "mutoto". Mizani 2 na mizani 3 zinasikika wazi bila kufundishwa. Matamshi yanayochekwa ng'ambo ya ziwa ndiyo yanayompa hesabu sahihi. Kutoka hapo anaweza kwenda kwa mshairi Shaaban Robert (1909–1962), na baadaye kwa Euphrase Kezilahabi, ambaye katika *Kichomi* (1974) aliacha vina na mizani, aone mwenyewe ni nini kilichobaki.

Katika masimulizi, swali la kwanza ni nani anayesema. Mfano wa nyumbani upo. Mwezi wa Aprili 1858 wavumbuzi Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitumaini kwamba mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, labda hadi Nile. Wana watatu wa Sultani Maruta waliwaambia kwamba mto unaingia ziwani. Burton alieleza jinsi moyo wake ulivyovunjika katika kitabu chake cha mwaka 1860. David Livingstone na Henry Stanley walikuja kuthibitisha maneno ya vijana hao mwaka 1871. Ukisoma kisa hicho ukiwa Kavimvira, mtaa wa Uvira, huzuni ya msimulizi inaonekana kwa sura nyingine: kwa wenyeji hapakuwa na fumbo lolote, mto uliingia pale pale walipouona kila siku. Msomaji aliyetambua hilo amejua tofauti ya msimulizi na jambo linalosimuliwa, na ataitumia katika riwaya yoyote.

Mwambao huu umezaa pia hadithi kwa Kihispania. Mwanamapinduzi Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965 na kuishi katika milima ya Fizi hadi Novemba akiitwa Tatu, aliandika akiwa Kongo hadithi fupi "La piedra", baada ya kupata habari kwamba mama yake yu mahututi. Inastahili kusomwa hapa kwa Kiswahili.

Tamthilia ndiyo yenye njia fupi kuliko zote, maana huanzia mdomoni. Julius Nyerere alimpa Shakespeare Kiswahili sanifu katika tafsiri yake ya *Julius Caesar* (1963) na *Mabepari wa Venisi* (1969). Lakini kielelezo kilicho karibu zaidi na usemi wa Uvira kilitoka Lubumbashi. Huko, mwaka 1986, kikundi cha maigizo cha Mufwankolo kilitunga mchezo juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima. Waigizaji hawakupewa maandishi: walipanga matukio, wakajibizana kwa Kiswahili cha mjini, wakarekebisha katika mazoezi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alinasa sauti na kuyachapisha maneno hayo mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Njia hiyo yaweza kufuatwa darasani. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yangali akilini mwa watu. Katika mchezo juu ya mafuriko hayo, mhusika mmoja aseme, "Maji yameingia ndani ya nyumba", mwingine, "Mayi imeingia mu nyumba, mama!" Wanafunzi wakisoma kwa sauti, watajua mara moja yupi anatoa ripoti ofisini na yupi amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.