Injini ya Stirling ya jua

Injini ya Stirling ya jua ni injini inayogeuza joto la jua kuwa mwendo; mwendo huo huzungusha jenereta inayozalisha umeme. Katika injini ya petroli mafuta huchomwa ndani ya silinda, lakini hapa joto hutoka nje. Gesi iliyofungiwa ndani, kwa kawaida hidrojeni au heli, haitolewi bali hutumika tena na tena.

Historia

Jina linatokana na Robert Stirling, mchungaji wa Kanisa la Uskoti, aliyepata hataza ya injini ya hewa moto mwaka 1816. Kwa kuwa joto hutoka nje, chanzo chake kinaweza kuwa makaa, kuni au jua. Katika miaka ya 1870 John Ericsson, mhandisi mzaliwa wa Uswidi aliyeishi Marekani, alijenga injini ya hewa iliyoendeshwa na miali ya jua iliyokusanywa kwa kioo.

Sehemu zake

- Dishi la vioo hufuata jua mchana kutwa na kukusanya miali yake mahali pamoja.
- Kipokezi hukaa mahali hapo. Ni mabomba membamba yanayopitisha gesi na kupata joto la nyuzi 700 za selsiasi hivi.
- Silinda na pistoni hupokea nguvu ya gesi inayotanuka.
- Rejenereta ni matabaka ya wavu mwembamba wa chuma kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Gesi ikienda kupoa huacha joto lake humo. Ikirudi hulichukua tena. Bila sehemu hii joto jingi lingepotea kila mzunguko.
- Kipozeo huondoa joto lililobaki, mara nyingi kwa maji na rejeta kama ya gari.
- Krenki hugeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko wa kuendesha jenereta.

Ufanisi

Tarehe 31 Januari 2008, katika maabara za Sandia huko New Mexico, Marekani, mfumo wa aina hii uligeuza asilimia 31.25 ya nishati ya jua iliyofika kwenye dishi kuwa umeme. Paneli nyingi za sola za wakati huo zilifikia takriban nusu ya kiwango hicho.

Matatizo

Ufanisi huo haukutosha kuipa injini hii soko. Hidrojeni yenye shinikizo kubwa huvuja kwenye sili za pistoni, na sehemu zinazosogea zinahitaji matengenezo. Mwaka 2010 kituo cha Maricopa huko Arizona kilianza kazi kikiwa na madishi 60 yenye uwezo wa jumla wa megawati 1.5. Mwaka uliofuata kampuni ya Stirling Energy Systems, iliyounda mfumo huo, ilifilisika, kwani bei ya paneli za sola ilikuwa imeshuka sana. Tena, vituo vya jua vinavyotumia chumvi iliyoyeyushwa huweza kutunza joto la kuzalishia umeme usiku, jambo ambalo ni gumu kwa injini iliyoning'inizwa mbele ya dishi.

Aina ya pistoni huru hupunguza baadhi ya matatizo hayo. Haina krenki: pistoni husogeza sumaku karibu na koili, na umeme huzalishwa ndani ya chombo kilichofungwa kabisa.