Breki za 109: Land Rover Kuukuu Ukingoni mwa Ziwa Victoria

Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam, Aprili 30, 1948, walioiunda walimfikiria mkulima wa Uingereza. Haikuchukua muda ikawa gari la wilaya, la misheni na la ushirika Tanganyika nzima. Katika Kanda ya Ziwa iliikuta kazi ikiisubiri: pamba. Reli kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928, na mwaka 1955 vyama vya wakulima, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Marobota yalipanda malori. Bwana shamba alipanda Land Rover.

Pikapu ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli, ilikuwa na dramu za inchi 11 kwenye magurudumu yote manne, zote zikilishwa na masta silinda moja yenye njia moja. Hapo ndipo penye hatari. Bomba likipasuka popote, hata kule nyuma juu ya ekseli, pedali inazama hadi chini na gari zima linabaki bila breki. Mwanza ni mji wa miamba na miteremko. Anayeshuka kutoka kilima cha Bugando hana pa kukosea.

Mabomba yenyewe yalikuwa ya chuma, na chuma huliwa pande zote mbili. Nje kuna tope na kokoto. Ndani, mafuta ya breki hunyonya unyevu: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140.

Kisha ikaja miaka migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua hata magari ya raia, na baada yake fedha za kigeni zikaadimika. Spea zikawa za kutafutwa kwa tochi. Silinda ya breki ya gurudumu moja ikivuja na mipira yake haipo, fundi alilikunja bomba lake na kulipondaponda ili magurudumu matatu yaliyobaki yapate nguvu. Gari lilivuta upande mmoja, lakini lilifika. Waliokata tamaa walijaza oili ya injini, na mipira ikavimba ikaharibika yote. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, spea zilianza kurudi madukani. Mafundi waliolivusha gari hilo katika miaka ile wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa.

Leo mwenye 109 hukimbilia kufunga diski za mbele, zile zilizokuja na Land Rover One Ten mwaka 1983. Huko ni kuanzia mwisho. Kazi ya kwanza ni mabomba mapya, ikiwezekana ya shaba iliyochanganywa na nikeli, kwa sababu shaba tupu huchoka kwa mtikisiko na kupasuka. Ya pili ni masta silinda ya njia mbili, ili mbele ikifa nyuma ibaki. Hata dramu za zamani hushika vizuri zikirekebishwa: boliti mbili kila gurudumu la mbele, moja kila la nyuma, zinakazwa kwa spana hadi gurudumu ligome, kisha zinalegezwa kidogo. Upepo hutolewa kuanzia nyuma kushoto, kwani usukani na masta silinda viko kulia, na gurudumu hilo ndilo lililo mbali zaidi. Mmoja anapampu na kushikilia pedali, mwingine yuko chini ya gari na spana, akitazama mapovu kwenye chupa mpaka yaishe.

Breki ya mkono haiguswi na mabadiliko hayo yote. Ni dramu moja nyuma ya gia boksi, inayoshika propela shafti, si magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likikosa mshiko, difu huliachia gari lijongee. Hilo huonekana vivukoni. Kati ya Kigongo na Busisi sasa pana daraja, lililofunguliwa Juni 19, 2025, lakini Kamanga bado ni kivuko, na kwenye mteremko wa kupandia pantoni dereva wa 109 huingiza gia ya magurudumu manne kabla ya kuachia pedali, huku utingo ameshatangulia na jiwe la kuzuia tairi.