Hesabu ya Nyumba Zilizokatiwa Umeme

Mtu wa Dar es Salaam arudipo nyumbani jioni akakuta giza, ana maneno matatu ya kuchagua. Akisema, "Tumekatiwa umeme," msikilizaji huelewa kwamba aghalabu pana deni, na kwamba yuko mtu aliyekuja kukata. Akisema, "Umeme umekatika," mkataji hayumo katika sentensi. Waya umeanguka au mtambo umeharibika, na yamkini mtaa mzima umo gizani. Akisema, "Umeme umeisha," ana maana kwamba fedha aliyotia katika mita imekwisha kutumika, naye bado hajapata nyingine. Kauli ya kutendewa yatunza nafasi ya mtendaji hata asipotajwa. Kauli ya kutendeka humwondoa. Na kitenzi cha tatu hakikuwa naye tangu mwanzo. Tofauti hiyo si ya sarufi peke yake. Imo pia katika madaftari ya serikali, maana nyumba ambayo imekatiwa na mtu yaweza kuhesabiwa, na nyumba ambayo umeme wake umeisha ni shida kuhesabiwa.

Asili ya hesabu ni mkopo. Zamani umeme uliuzwa kwanza ukalipwa baadaye: mtumiaji aliwasha taa mwezi mzima, kisha ankara ikaja. Muuzaji wa namna hiyo hawezi kurudisha mali yake, kwa kuwa imekwisha kuteketea katika taa na pasi. Silaha aliyo nayo ni kukata ya kesho. Lakini kukata ni kazi yenye karatasi. Pana ankara, pana barua ya onyo, pana amri kwa fundi, na fundi mwenyewe apandaye ngazi hadi nguzoni hurudi ofisini kuandika nyumba aliyoikata. Mtu akitaka kujua nyumba ngapi zimekatwa, hana haja ya kwenda kuuliza mlango kwa mlango. Azijumlishe karatasi tu.

Uingereza ndiko habari hii inakoonekana wazi zaidi. Mashirika ya umeme yalitwaliwa na dola mwaka 1948, na katika miaka ya 1970, bei za nishati zilipopanda, kukatiwa kulikuwa jambo la kujadiliwa hadharani. Mwaka 1976 mashirika ya umeme na gesi yalikubali kanuni za mwenendo. Mojawapo ilihusu nyumba za wazee wa pensheni: zisikatwe kati ya tarehe 1 Oktoba na 31 Machi, isipokuwa imedhihirika kwamba wenyewe wana uwezo wa kulipa. Kanuni ya namna hiyo huzaa hesabu, kwa maana anayeahidi kutokukata hana budi kuonyesha ni mara ngapi amekata. Katika miaka ya 1980 nyumba zilizokatiwa umeme kwa deni zilikuwa makumi elfu kila mwaka. Sheria ya Umeme ya 1989 ikaweka mdhibiti, mashirika yakauzwa kwa watu binafsi kuanzia 1990, na tarakimu za kila kampuni zikawa zinatolewa mbele ya watu wote. Kampuni moja ikaweza kulinganishwa na jirani yake, na iliyokata nyingi ikaona haya.

Haya hiyo ilifanya kazi kwa kasi ya kushangaza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliokatiwa walikuwa mamia tu kwa mwaka. Katika mwaka 2017 Ofgem, ambayo ndiyo mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilihesabu 17 katika Uingereza nzima. Anayesoma safu hiyo ya tarakimu bila kusoma kingine angedhani kwamba ufukara wa nishati umetoweka katika nchi ile.

Kilichotokea ni kwamba mkataji alibadilishwa. Mita ya kutumbukizia sarafu haikuwa jambo geni kwa Waingereza. Nyumba za wafanyakazi ziliwekewa mita za peni za gesi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1980 na 1990 mita za aina mpya, za ufunguo na za kadi, zilienezwa kwa wateja wenye madeni. Sharti la leseni liliitaka kampuni imsaidie mteja aliyeshindwa, na impe nafasi ya mita ya kulipia kabla ndipo ifikirie kumkata. Sharti lenyewe lilikuwa na huruma ndani yake, jambo ambalo wakosoaji wake wa baadaye hawakulikiri sana. Lakini mita ile hulipisha deni la zamani kidogo kidogo katika kila pauni itiwayo. Na taa zikizimika, ada ya kila siku yaendelea kujilimbikiza. Mtu akaaye gizani siku nne hukuta, siku ya tano, kwamba sehemu ya fedha yake imeliwa na siku alizokaa gizani.

Mwaka 1993 taasisi ya hisani ya Birmingham Settlement ilitoa uchunguzi juu ya watu wa mita hizo, nayo katika jina la kitabu chao ikawaita waliokatiwa wasioonekana. Baada ya hapo likaenea jina jingine la kitaalamu, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "kujikatia". Jina hilo lastahili kutazamwa vema. Kiambishi -ji- humfanya aliyekatiwa kuwa mkataji wa nafsi yake. Fundi, kampuni na bei hawamo. Mswahili wa kawaida hasemi "nimejikatia umeme," na akisema atachekwa, kwa kuwa neno hilo lingemaanisha kwamba alichukua koleo akaenda kwenye waya. Hata hivyo jina lilikuwa na faida yake: jambo lisilo na jina halipati safu katika jedwali, na hili sasa lilikuwa nalo.

Safu yenyewe ilikawia. Mnamo Desemba 2020 kanuni za Ofgem ziliwataka wauzaji wawatambue wateja wa mita hizo ambao umeme wao umeisha, wawape msaada. Kisha ikaja bei kubwa ya mwaka 2022. Shirika la Citizens Advice lilikadiria kwamba katika mwaka huo watu milioni 3.2 wa Uingereza waliishiwa na fedha ya mita. Tarakimu hii haikutoka katika karatasi za mafundi, kwani hapakuwa na fundi. Ilipatikana kwa kuuliza watu. Iwekwe kando ya ile 17 ya 2017, hata kama moja ni ya nyumba na nyingine ni ya watu, na hata kama miaka si ile ile. Majira hayo hayo ikafichuka kwamba mawakala walikuwa wakiingia majumbani kwa hati za mahakama ili kufunga mita za kulipia kabla, hata katika nyumba zenye wagonjwa na watoto. Februari 2023 utoaji wa hati hizo ulisimamishwa, na masharti ya Novemba mwaka huo yakakataza mita hizo kufungwa kwa nguvu katika nyumba za baadhi ya wazee na za watoto wachanga. Mita za kisasa hazihitaji hati wala mlango. Hugeuzwa kutoka mbali.

Wajerumani walichelewa kuhesabu, lakini walihesabu kwa namna iliyo bora. Mamlaka yao, Bundesnetzagentur, ilipotangaza kwa mara ya kwanza hesabu ya mwaka 2011, haikutoa tarakimu moja bali tatu: maonyo zaidi ya milioni 6, amri za kukata kama milioni 1.2, na nyumba zilizokatwa hasa 312,000. Kwa hiyo msomaji aona pia hofu iliyotangulia giza. Wakati huo deni la yuro 100 lilitosha kumkatia mtu. Tarakimu ya mwisho ilishuka polepole, na mwaka 2023 ilikuwa bado zaidi ya 200,000. Mita za kulipia kabla ni chache Ujerumani. Fundi bado yupo, na hesabu bado ipo. Nchi hiyo yaonekana katili kuliko Uingereza kwa sababu imeendelea kukata kwa mkono.

Katika Tanganyika umeme uliletwa na Wajerumani mwaka 1908, Dar es Salaam. Kampuni mbili za mwaka 1931 ziliunganishwa 1964 kuwa TANESCO, na kwa muda mrefu desturi ilikuwa ya ankara na ngazi. Aliyekatiwa mara nyingine alimwendea kishoka, yaani fundi asiye na idhini. Na ni ajabu ya lugha kwamba muungaji wa waya aliitwa kwa jina la chombo cha kukatia. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Jina lasema kadiri unavyotumia, ilhali mita hutaka fedha kabla ya kutumia. Upesi herufi nne zikawa nomino kamili: watu hununua luku, na luku huisha. Tangu Agosti 2021 hata kodi ya jengo hukatwa humo humo, na hapa kitenzi "kata" chafanya kazi nyingine.

Kukatiwa kwa hadhara hakukuisha, ila kulihamia kwa wakubwa. Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliagiza wadaiwa sugu wakatwe bila kujali ni nani, na TANESCO ikatoa notisi ya siku 14. Magazeti yakajaa majina ya wizara na mashirika. Nyumba ya mpangaji iliyoishiwa usiku ule ule haikuwa na notisi ya kuandikwa.

Walakini alama yake ipo. Kila ununuzi huzaa tarakimu 20 zilizotengenezwa kwa mita moja tu, na daftari la muuzaji lina siku yake. Ilipokaribia tarehe 24 Novemba 2024, ambapo mita za mfumo huo duniani kote zilipaswa kuwa zimekwisha kuhuishwa, wenye nyumba walitakiwa kuingiza tarakimu za ziada, mita moja moja. Hivyo kila mita yajulikana. Katika daftari hilo, kati ya ununuzi mmoja na mwingine, mna mapengo. Pengo la siku 10 laweza kuwa la msafiri aliyekwenda kuzika Tanga, au la mwekevu aliyenunua nyingi mwanzo wa mwezi. Na laweza kuwa la mama mwenye kibatari na watoto wanaosoma kwa zamu. Daftari halisemi ni lipi, mpaka mtu aende kuuliza mlango kwa mlango.