Kijani na tope

Kijani ni jani lililogeuka rangi. Wasemaji wa lahaja za kaskazini mwa pwani walisema chani kiwiti, yaani kijani kibichi, na kamusi zikaliunganisha: chanikiwiti. Ni neno zuri mno kuachwa lipotee.

Si ajabu watetezi wa mazingira kuikimbilia rangi hii. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani aliloanzisha Wangari Maathai mwaka 1977 lilistahili jina hilo, kwa kuwa lilipanda miti kwelikweli.

Lakini tazama magugu maji yakitanda Ziwa Viktoria: kijani kitupu, na chini yake samaki wanakosa hewa. Mti wa mathenge wa Baringo nao hubaki mbichi hata kiangazi, huku malisho ya mifugo yakimezwa.

Mimi naichagua rangi ya tope. Kule Gazi, Kwale, wanavijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko na kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa. Fedha hizo zimesaidia maji na shule. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko haimo majanini. Imo kwenye udongo mweusi ulioshikwa na mizizi, na mikoko ikikatwa, udongo huo huanza kuirudisha hewani.