Safari ya Samawati: Jinsi Adhabu ya Mwandishi Ilivyozaa Likizo

Kila tunapofundisha msamiati wa rangi, mwanafunzi mmoja huuliza neno "samawati" limetoka wapi. Tunamjibu kwamba asili yake ni Kiarabu, na kwamba lahusiana na mbingu. Waturuki nao walipiga hodi kwa Mwarabu huyo huyo, lakini wao hawakutazama juu, walitazama chini. Rangi ile ile wakaipa jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya maji, nalo ni mavi. Hapo darasa zima huangua kicheko, na mwalimu hana budi kungoja. Kicheko kikiisha huwasimulia habari za Mavi Yolculuk, yaani Safari ya Samawati. Tumeona vyema tuwasimulie na wasomaji wetu.

Pwani ya kusini-magharibi mwa Uturuki, kuanzia Bodrum kupitia Marmaris, Göcek na Fethiye hadi Kekova, imejaa ghuba na visiwa. Huko watalii hukodi chombo cha mbao kiitwacho gulet, kwa kawaida kwa muda wa wiki moja, pamoja na nahodha, mpishi na mabaharia. Utamu wa likizo hiyo ni rahisi kuueleza. Msafiri hubeba nyumba yake kama kobe. Hafungi wala hafungui mizigo, na bado kila jioni hulala mahali papya. Alasiri za kiangazi huvuma upepo uitwao meltem, kutoka kaskazini-magharibi, na unapochachamaa nahodha hutafuta kisiwa au rasi ya kujikinga. Nanga hutiwa, kamba ikafungwa kwenye jiwe au mti wa ufukoni. Asubuhi mtu hujitosa majini kabla ya chai. Ziko hori ambazo gari haliwezi kuzifikia, na ukimya wake ndio wageni wanaoulipia.

Hata hivyo, likizo hii haikubuniwa na mfanyabiashara. Ilianza na adhabu.

Mwaka 1925 mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı, aliyekuwa amesoma Oxford, alichapisha makala kuhusu askari watoro waliohukumiwa kunyongwa. Mahakama maalumu ya Ankara ilimwona ana hatia, ikampeleka uhamishoni Bodrum kwa miaka mitatu. Wakati huo Bodrum ulikuwa mji mdogo wa wavuvi na wapiga mbizi wa sifongo, na njia ya nchi kavu ya kuufikia ilikuwa ya taabu. Kazi ya sifongo ilikuwa ya hatari: mzamiaji aliyeibuka kwa haraka kutoka kilindini aliweza kupooza au kufa. Waliomhukumu walidhani wamemtupa jalalani. Yeye aliona bahari, akaipenda. Sehemu ya mwisho ya adhabu yake aliimalizia Istanbul, na alipokuwa huru alirudi Bodrum kwa hiari yake. Akavua samaki, akapanda miti, akaandika hadithi za wavuvi na wazamiaji. Jina lake la uandishi likawa Halikarnas Balıkçısı, Mvuvi wa Halikarnaso, kwani hilo ndilo jina la kale la Bodrum, mji alikozaliwa Herodoto, mwanahistoria wa Wagiriki.

Katika miaka ya 1940 alianza kuwachukua marafiki zake baharini. Hawakuwa matajiri. Walikuwa waandishi, walimu na wafasiri, miongoni mwao Sabahattin Eyüboğlu na, baadaye, Azra Erhat, aliyeshiriki kumfasiri Homeri kwa Kituruki. Walipanda mashua za kazi, wakalala sitahani, wakala samaki, jibini na mikate mikavu. Walishuka kwenye magofu na kujadiliana: je, urithi wa watu wa kale ni wa nani? Jibu lao lilikuwa kwamba ni wa wote wakaao katika ardhi hiyo. Mwaka 1962 Erhat alichapisha kitabu alichokiita Mavi Yolculuk, na jina likaenea. Baadaye soko la sifongo liliposhuka, mashua zikapata abiria badala ya wazamiaji, na mafundi wakaunda gulet zenye vyumba vya kulala.

Wazamiaji hao wametuachia na jambo jingine linalotugusa sisi Waafrika. Mwaka 1982 mmoja wao aligundua mabaki ya jahazi la kale huko Uluburun, karibu na mji wa Kaş. Wanaakiolojia walilichimbua kuanzia 1984 hadi 1994. Lilizama karne ya 14 kabla ya Kristo, likiwa na takriban tani 10 za shaba. Ndani yake mlikuwamo pia magogo meusi yaliyotoka Afrika. Yalipochunguzwa yalionekana kuwa ni mpingo, mti ule ule wanaouchonga Wamakonde! Leo shehena hiyo inaonyeshwa katika ngome ya Bodrum.

Hatusemi kwamba yote yamekuwa heri. Vilima vya Bodrum vimejaa majumba na hoteli, na safari iliyoanza kwa mikate mikavu sasa ina vyombo ambavyo mwalimu hawezi kuvikodi hata kwa mshahara wa mwaka. Lakini pwani ile ilikuwa na uzuri huo huo kabla ya 1925. Kilichoongezeka ni mtu aliyekaa na wavuvi, akajifunza maneno yao, akayaandika.

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na bahari huwakaririsha wanafunzi wetu maneno tanga, foromali, kusi na kaskazi, ilhali wengi wao hawajawahi kuonja maji ya chumvi. Si vibaya. Lakini Ziwa Viktoria lina visiwa vya Ssese, na lina wavuvi wenye majina ya pepo, ya samaki na ya kila kipande cha mtumbwi. Likizo ijayo, mwanafunzi atakayekwenda kwao kando ya ziwa na achukue daftari, akae na wazee, aandike. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.