Anayetangulia mlangoni

Mwezi uliopita nilikuwa Matayos, kaunti ya Busia, kwa jamaa zangu wanaofanya biashara ya mpakani. Kwenye kibanda cha chai nikakaa na mzee mmoja, polisi mstaafu. Nikamuuliza swali ambalo sisi watu wa Pwani tunalo moyoni kwa miaka mingi ya misako: askari wanapovamia nyumba, yule wa kwanza kuingia kazi yake ni nini?

Akanieleza. Mlango ndipo penye hatari, kwa kuwa aliye ndani anautazama. Basi wa kwanza hasimami kizingitini. Huingia upesi, akashika upande mmoja na kukagua pembe yake. Wa pili hushika upande wa pili. Wa kwanza hageuki nyuma, mgongo wake ni amana kwa wenzake. Na kabla ya kufyatua risasi hutazama mikono: ina silaha au ni mitupu? Katika vyumba vya kupanga, kama vile vya Busia mjini, uamuzi huo huenda ukafanywa penye kitanda na mtoto aliyelala.

Westgate, Nairobi, 21 Septemba 2013, miongoni mwa waliotangulia kuingia walikuwa askari wachache wasiovaa sare na raia wenye bastola, akiwemo Muislamu mwenzetu Abdul Haji. Baadaye jeshi na polisi hawakuelewana, na iliripotiwa kuwa kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi ya wanajeshi. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo, bila kuhesabu magaidi.

Pale hodi haikuwa na nafasi. Lakini nyumba ya raia si Westgate. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamtaka polisi anayemfuata mtuhumiwa ajitambulishe, aseme kilichomleta na aombe kuingia kabla ya kuvunja mlango. Chumba kikiwa cha mwanamke ambaye kwa ada hajitokezi mbele za watu, naye siye anayetafutwa, apewe kwanza nafasi ya kuondoka. Sisi tuliolelewa kwa aya ya 27 ya Suratun Nur hatuoni geni hapo.

Ombi langu kwa wakuu wa vituo, Matayos hata Mombasa: mbele mtangulizeni aliye mtulivu, si mwenye hasira. Wengine wote humfuata yeye.