Neno "Anathema" Lilitoka Wapi?

Katika barua kwa Wagalatia (1, 8) tunasoma kwa Kiswahili "alaaniwe". Paulo Mtakatifu aliandika kwa Kigriki "anathema". Je, ni sawasawa?

Katika vijiji vyetu laana ni neno zito. Laana ya baba huwafikia hata wajukuu. Kwa hiyo, mwalimu wa dini akisema juu ya mkristu aliyetengwa, "Huyu amelaaniwa", watu huwakataza watoto wao kula nyumbani mwake. Tumeyaona hayo, wala si mara moja.

Kwa Wagriki wa kale, anathema ilikuwa zawadi iliyowekwa hekaluni, ambayo mwenyewe hawezi kuirudisha tena kwake. Luka Mtakatifu (21, 5) anataja kwa neno la namna hiyo mapambo ya hekalu la Yeruzalemu. Ukali ulitoka kwa Waebrania. Wayahudi waliogeuza Agano la Kale kwa Kigriki walikuta neno "herem", wakaandika anathema. Herem ni kitu kilichotolewa kwa Mungu kabisa, mtu asikiguse. Tena ni ndugu wa "haram" ya Waarabu, ambao kwao tumepata "haramu"! Mji wa Yeriko ulikuwa herem: fedha na zahabu ziliingia katika hazina ya Bwana, watu wakauawa. Akan aliiba joho, fedha na zahabu, akapigwa mawe (Yosue 7). Hapo zawadi na maangamizi zimeshikana, kwa kuwa kilicho cha Mungu kimekwisha kutoka mikononi mwa watu.

Konsilio ya Nisea (325) ililitumia neno hili juu ya wafuasi wa Ario. Baadaye Pontifikale ya Roma iliagiza askofu azungukwe na mapadri 12 wenye mishumaa. Hukumu ikiisha kutamkwa, waliitupa chini. Ibada ya kutisha kweli. Lakini hukumu yenyewe ilidumu mpaka mtu atubu, na kitabu kile kile kina sala za kumpokea tena. Hata wazee wetu wana njia ya kuondoa laana. Mwalimu wetu ndiye anayeisahau.

Sheria ya Eklezia ya 1917 (kan. 2257) ilikuwa ingali inaitaja anathema, ile ya 1983 haina neno hilo. Basi, sisi tungependa kusema tu "ametengwa". Na tukifika Warumi 9, 3, tusipite mbio: pale Paulo anatamani yeye mwenyewe awe anathema, mbali na Kristu, kwa ajili ya ndugu zake.